Somo la Watu Wazima: Magurudumu ya Motokaa ya Umeme

Yafaa uwe na kalamu karibu, maana leo mna hesabu mbili tatu. Si ngumu, ni za kugawanya na kutoa tu.

Swali letu ni hili. Mtu akinunua motokaa ya umeme, achukue magurudumu ya kawaida, au atoe fedha zaidi apate makubwa, yenye rimu za kung'aa? Wengi hudhani hilo ni jambo la urembo tu, kama kuchagua rangi ya viti. Na kwa mwenye motokaa ya petroli, hasara yake haionekani sana. Magurudumu makubwa humla petroli kidogo kidogo, naye akiona mshale umeshuka huingia kituo cha karibu, na baada ya dakika tano yuko njiani tena. Mwenye motokaa ya umeme hana raha hiyo. Yeye ana akiba moja tu, nayo ni betri, na vituo vya kuchaji ni vichache. Kila kilomita anayopoteza kwa magurudumu ni kilomita aliyokuwa akiihesabu ili afike nyumbani.

Haya, tuchukue mfano wa Bwana Fulani, dereva wa teksi wa Nairobi, ambaye ameweka fedha yake miaka mingi ili anunue Nissan Leaf iliyotumika Japani. Motokaa hizi zimekwisha kuzoeleka katika barabara zetu. Amefika yadi, akaonyeshwa mbili. Zote ni za namna ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, na betri zake zilipokuwa mpya zilichukua uniti 40 za umeme. Uniti ni zilezile tunazonunua kwa tokeni za nyumbani. Ya kwanza ina magurudumu ya inchi 16, rimu za chuma zilizofunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Ya pili ni ya daraja la juu, ina inchi 17, rimu za aloi, na bei yake imepanda. Muuzaji akiona mteja anasita, anamwambia: "Mzee, chukua hiyo ya kwanza, nami nitakufungia rimu za spoti za inchi 18. Itakuwa kama mpya."

Bwana Fulani afanye nini? Mimi ningemwambia achukue ya inchi 16, aiache vilevile, na fedha iliyobaki anunue matairi mazuri. Lakini somo si kuambiwa tu, somo ni kujua kwa nini. Basi tuanze chini.

Inama utazame ubavu wa tairi la hiyo motokaa ya kwanza. Utaona maandishi haya: 205/55 R16 91V. Hayo si mapambo. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, nacho hakihesabiwi kwa milimita, bali kwa sehemu katika 100 za ule upana. R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya uzito: tairi moja laweza kuchukua kilo 615. V ni alama ya mwendo, mwisho wake kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao sitarajii kuuona kwenye barabara ya Thika.

Sasa fanya hesabu ya kwanza. Zidisha 205 kwa 55, gawanya kwa 100. Utapata milimita 113 hivi. Huo ndio mpira ulioko kati ya rimu na barabara, zaidi ya upana wa kiganja cha mtu. Kisha chukua tairi la zile rimu za spoti. Namna inayouzwa sana ni 225/40 R18. Zidisha 225 kwa 40, gawanya kwa 100: ni milimita 90. Mpira umepungua kwa unene wa kidole gumba, na chuma kimeingia mahali pake.

Hapa wengi hukosea. Husema, "Gurudumu kubwa litainua motokaa, haitagonga matuta." Sivyo. Pima gurudumu zima kutoka juu hadi chini, rimu pamoja na tairi. La inchi 16 ni milimita 632. Lile la inchi 18 ni milimita 637. Motokaa hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita mbili na nusu. Hata sarafu mbili zikipangwa pamoja huenda zikazidi kimo hicho. Kwa hiyo mtu anaposema amenunua gurudumu kubwa, maana yake hasa ni kwamba amenunua rimu kubwa na mpira mdogo.

Je, jambo hilo hula umeme kiasi gani? Hapa hatuna haja ya kubahatisha, kwani wako waliokwisha kupima. Tazama motokaa ya Hyundai iitwayo Ioniq 6, iliyouzwa Marekani mwaka 2023. Kule kila motokaa ya umeme hupewa hesabu ya mwendo wake kwa kanuni za Shirika la Kuhifadhi Mazingira la serikali. Ioniq 6 yenye betri kubwa ya uniti 77.4, na injini moja ya umeme nyuma, ikivaa magurudumu ya inchi 18, ilipewa maili 361. Hizo ni kilomita 581. Motokaa hiyohiyo, betri ileile na injini ileile, ikivaa inchi 20, ilipewa maili 305, yaani kilomita 491. Toa hizo mbili. Ni kilomita 90. Ni kama kutoka Nairobi hadi Naivasha, na mwenye motokaa alilipa zaidi ili ayapoteze masafa hayo. Ni kweli kwamba ile ya inchi 20 ilikuwa pia na vitu vingine vya starehe, navyo vina uzito wake. Walakini vitu hivyo peke yao haviwezi kula kilomita 90. Na aina yenye injini mbili ilionyesha vivyo hivyo: maili 316 kwa inchi 18, na maili 270 kwa inchi 20.

Tena angalia: matairi ya Ioniq hizo, 225/55 R18 na 245/40 R20, yana kimo kimoja kwa jumla, kama milimita 704. Hayakutofautiana kwa ukubwa wa nje hata kidogo. Basi umeme ulikwenda wapi?

Sehemu moja ilikwenda katika mpira wenyewe. Tairi linapobeba motokaa hubonyea pale chini, kisha hunyooka linapopanda, halafu hubonyea tena, mamia ya mara kila dakika. Kila kubonyea huzaa joto. Ukitoka safarini, weka mkono juu ya tairi, utalisikia joto lake. Joto hilo lilikuwa umeme ndani ya betri yako asubuhi. Matairi mapana ya rimu kubwa mara nyingi hutengenezwa kwa mpira wa kushika barabara sana, na mpira wa namna hiyo aghalabu hupoteza zaidi.

Sehemu nyingine ilichukuliwa na upepo. Gurudumu linalozunguka huchafua upepo unaopita ubavuni mwa motokaa, na tairi likiwa pana huuchafua zaidi. Rimu ikiwa na matundu makubwa, vilevile. Mjini, kwenye foleni, jambo hili ni dogo. Katika barabara kuu ni kubwa, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu Tesla Model 3, ilipoanza kuuzwa 2017, rimu zake za kawaida zilivalishwa vifuniko bapa vya plastiki. Wengi waliviona vibaya wakavitoa. Basi ukiona vifuniko vya plastiki juu ya rimu za chuma za Leaf, usivitupe kwa kuona haya. Vifunge kwa nailoni kama wafanyavyo madereva wengi wa Nairobi, maana vikianguka havirudi.

Na sehemu ya tatu ni uzito. Pindua baiskeli, uzungushe gurudumu lake kwa mkono. Kisha funga jiwe dogo kwenye ukingo wa rimu, uzungushe tena. Jiwe lilelile likiwa karibu na ekseli hulihisi sana. Likiwa ukingoni mkono unachoka. Rimu kubwa hupeleka chuma chake mbali na ekseli. Teksi inayosimama na kuondoka mara mia kwa siku hulipia uzito huo kila inapoondoka. Motokaa ya umeme hurudisha kiasi cha nguvu hiyo betrini inapopunguza mwendo, lakini haiirudishi yote.

Sasa nataka kuwa mwadilifu kwa muuzaji. Kati ya inchi 16 na 17 za Leaf tofauti si kama ile ya Ioniq. Tairi la inchi 17 la kiwandani ni 215/50, ubavu wake ni milimita 107 na nusu. Limepungua kidogo tu. Mtu akipata Leaf ya inchi 17 yenye betri nzima, na pembeni yake ya inchi 16 yenye betri iliyochoka, achukue ya inchi 17 bila kufikiri mara mbili. Betri ni roho ya motokaa. Rimu ni viatu. Katika Leaf, hali ya betri huonyeshwa kwa mistari midogo kwenye dashibodi, nayo ikiwa mipya huwa 12. Ihesabu mistari hiyo kabla hujatazama magurudumu.

Lakini zile inchi 18 za spoti, hapana. Na sababu yangu kubwa si umeme, bali ni mashimo.

Fikiri tairi linapoingia katika shimo lenye ukingo mkali. Mpira husukumwa juu mpaka ubavu unabanwa kati ya ukingo wa lami na ukingo wa rimu, kama kidole kilichobanwa mlangoni. Ubavu ukiwa mrefu, huwa na nafasi ya kukunjika kabla ya kubanwa. Ukiwa mfupi, hauna. Nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku mbili unaona kivimbe ubavuni. Tairi lenye kivimbe halitengenezwi. Fundi wa pancha hana dawa yake, na akikuambia anayo, mshukuru uende zako. Rimu nayo ina habari yake: ya chuma ikipinda kidogo, fundi huigonga ikanyooka, ya aloi huweza kupata ufa, na ufa uliochomelewa mimi singeuamini na abiria ndani.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Fungua buti la Leaf, utafute tairi la akiba. Hutalipata. Kiwandani hutiwa pampu ndogo na chupa ya gundi. Gundi hiyo huziba tundu la msumari. Haizibi ubavu uliopasuka. Basi mwenye ubavu mfupi akipasukiwa saa nne za usiku njiani kutoka uwanja wa ndege, na abiria nyuma, hana la kufanya ila kuita gari la kuvuta. Nauli ya siku hiyo imekwenda, na huenda ya kesho pia. Hayo ndiyo matumizi ya rimu za spoti ambayo hayaandikwi kwenye risiti. Mimi hata mwenye inchi 16 ningemshauri atafute gurudumu la akiba lililotumika, alichukue kila aendapo safari ya mbali, ingawa litamlia nafasi ya mizigo.

Mtauliza, je, magurudumu makubwa hayana faida yoyote? Yanayo. Ubavu mfupi hauyumbi, kwa hiyo usukani hutii upesi, na motokaa hukata kona vizuri zaidi kwa kasi. Tairi pana laweza kushika lami vizuri penye ukavu. Motokaa zenye nguvu nyingi huhitaji rimu kubwa ili breki kubwa zipate nafasi ndani. Na uzuri nao ni faida, sipendi kuudharau. Mtu mwenye motokaa ya matembezi, anayekaa penye lami safi na kuchaji nyumbani kila usiku, akitaka inchi 20 zake azinunue kwa furaha. Kilomita alizopoteza hatazitafuta. Shauri langu ni la yule ambaye kilomita ndizo unga wake.

Ikiwa umekwisha kuzinunua, au ndugu yako kakuzawadia, basi hakikisha mambo haya kabla ya kufunga. Rimu ya Leaf ina matundu 5 ya nati, yaliyopangwa katika duara la milimita 114.3, na tundu la katikati ni milimita 66.1. Rimu yenye tundu dogo zaidi haikai. Yenye tundu kubwa zaidi yahitaji pete ya kuijaza, la sivyo usukani utatetemeka. Alama ya uzito kwenye tairi isishuke chini ya 91, kwa maana motokaa hizi zina betri nzito tumboni. Leaf tupu ni kilo 1,500 hivi. Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, na watu wanne wakiwa ndani, usikilize kama tairi linakwaruza. Usichanganye inchi 16 na 17 katika motokaa moja, hata ukiwa na haraka: za kiwandani zimepishana milimita 15 kwa kimo, na motokaa itasumbuka.

Sasa tuje kwenye zile fedha zilizobaki, maana nilisema zinunue matairi mazuri. Hapa ndipo penye faida ambayo watu huiacha. Ulaya kila tairi jipya la motokaa huuzwa na kibandiko cha alama, tangu mwaka 2012, na kikabadilishwa 2021. Alama ya kwanza ni ya wepesi wa kubingirika, toka A mpaka E. Matairi mengi yanayofika kwetu huwa na kibandiko hicho, au jina lake laweza kutafutwa kwa simu. Tairi la A, kwa kila tani moja ya uzito, hukuvuta nyuma kwa nguvu isiyozidi kilo 6 na nusu. La D hukuvuta kwa kilo 9 mpaka 10 na nusu, tuseme 10.

Chukua kalamu. Leaf pamoja na dereva na abiria watatu ni tani 1.8. Tofauti ya A na D ni kilo 3.5 kwa tani, kwa hiyo ni kilo 6.3 kwa motokaa nzima. Ni kama kuburuta kitu nyuma yako siku nzima. Kwa kilomita 100 mvuto huo hula kama uniti 1.7. Sasa tuseme betri ya Bwana Fulani imezeeka, zimebaki uniti 32 kati ya 40. Kwa matairi ya A anatumia uniti 16 kwa kilomita 100: gawanya 32 kwa 16, zidisha kwa 100, utapata kilomita 200. Kwa matairi ya D anatumia 17.7: gawanya 32 kwa 17.7, utapata kilomita 181 hivi. Akipewa safari ya Nakuru, ambayo ni kilomita 160 hivi, yule wa kwanza atafika na 40 za akiba, na wa pili na 20. Milima na mvua havimo katika hesabu hii. Ukivitia, wa pili hatalala usingizi mzuri.

Usiitazame A peke yake, lakini. Kibandiko hichohicho kina alama nyingine, ya kushika barabara yenye maji, nayo pia ni A mpaka E. Tairi jepesi la kubingirika ambalo haliwezi kusimama penye mvua ni hatari kwako na kwa waendao kwa miguu. Tafuta lililo zuri kwa yote mawili, hata likiwa B na B. Katika kipimo cha 205/55 R16 utachagua sana, kwa kuwa kipimo hicho hutumiwa na motokaa nyingi za kawaida na maduka mengi huwa nacho. Hiyo nayo ni faida ya inchi 16. Kwa matairi ya mitumba, soma tarakimu nne za mwisho penye maandishi DOT. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Hata likiwa na meno marefu, mpira uliozeeka huwa mgumu na hupasuka.

Na upepo usisahauliwe. Kiasi chake kimeandikwa penye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kabla hujaenda kazini.

Kazi ya vikundi kwa juma hili: tokeni nje, mchague motokaa tatu za aina yoyote, muandike maandishi ya ubavu wa matairi yake. Kwa kila moja tafuteni kimo cha mpira kwa milimita, na kimo cha gurudumu zima. Inchi moja ni milimita 25.4. Msisahau kwamba ubavu uko juu na chini, kwa hiyo huhesabiwa mara mbili. Ombeni ruhusa ya mwenye motokaa kwanza, asije akadhani mnataka kumwibia rimu. Katika somo lijalo tutaanza kwa kusahihisha hesabu hizo, kisha tuingie katika habari ya kuchaji nyumbani na unene wa waya unaohitajika. Kwaherini.